Namna ya Kuthibitisha Vifaa Vidogo vya Shambani kwa Kutumia Kompyuta ya Ukungu

Katika mashamba ya zabibu ya Mpunguzi, Hombolo na Chinangali mkoani Dodoma, ambako nimekuwa nikifunga vihisi vya unyevu wa udongo na vali za umwagiliaji wa matone, maswali ninayoulizwa na mafundi wapya ni yaleyale. Mmoja anauliza kama nywila ya Wi-Fi haitoshi kuwazuia watu wasiohusika. Mwingine ameziandika anwani za MAC za vifaa vyake, yaani namba za utambulisho za kadi zao za mtandao, kwenye orodha na anaamini kwamba amemaliza kazi. Wa tatu analalamika kwamba kila umeme unaporudi, vifaa vyake vyote vinakataliwa na anashindwa kujua sababu. Mwongozo huu nimeuandika ili kuyajibu maswali hayo mahali pamoja, kwa mpangilio unaoweza kuufuata ukiwa mezani na bodi zako, kabla hujabeba ngazi na nguzo kwenda shambani.

Nijibu kwanza maswali mawili ya mwanzo, kwa sababu ndiyo yanayowapotosha wengi. Nywila ya Wi-Fi ni moja kwa vifaa vyote, hivyo anayeipata kutoka kwenye kifaa kimoja amevipata vyote. Anwani ya MAC nayo hutangazwa hewani bila kufichwa, na mtu yeyote mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuifanya kadi yake ijitambulishe kwa anwani ya kifaa chako. Kujitambulisha ni kusema jina, ilhali kuthibitisha ni kuonyesha kwamba unajua siri ambayo mwenye jina hilo peke yake ndiye anayeijua. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa kujaribu tu orodha fupi ya majina na nywila za kiwandani ambazo wenye vifaa hawakuwahi kuzibadilisha.

Ukungu ni nini, na kwa nini tuutumie huku kwetu

Seva za wingu ziko mbali, na kuzifikia kunahitaji intaneti. Kompyuta ya ukungu ni kompyuta ndogo iliyowekwa karibu na vifaa, katikati ya shamba na wingu, ikafanya palepale kazi ambazo zingesubiri safari ya kwenda na kurudi. Jina hilo lilienea kuanzia mwaka 2012 kupitia watafiti wa kampuni ya Cisco, kwa mantiki kwamba ukungu ni wingu lililoshuka karibu na ardhi. Kwa mkulima wa Dodoma faida yake ni ya kila siku: mtandao wa simu ukipotea kuanzia adhuhuri hadi usiku, vali bado inapaswa kufunguka kwa amri halali na kukataa amri ya uongo. Ikiwa uthibitishaji wote unafanyika kwenye seva iliyo mbali, basi siku mtandao unapokatika utalazimika kuchagua kati ya mizabibu kukosa maji na kuuacha mlango wazi.

Ni lazima niseme wazi kwamba bodi ya ESP32, yaani bodi ndogo yenye chipu inayoendesha vihisi, inaweza kutumia TLS kamili, ambayo ni njia ya kawaida ya kulinda mawasiliano ya intaneti, na kama kifaa chako kiko kwenye Wi-Fi, kina umeme wa uhakika na hakilali, tumia TLS na uishie hapo. Njia ninayoieleza hapa ni ya vifaa vinavyoishi kwa betri ndogo na paneli, vinavyoamka kila baada ya dakika kadhaa, na vinavyozungumza kwa LoRa, yaani redio ya masafa marefu inayotumia umeme kidogo, ambako kila baiti inayorushwa hewani inakula chaji. Salamu nzima ya uthibitishaji tutakayoijenga ina jumbe tatu tu zenye jumla ya baiti 74, na haihitaji vyeti wala hesabu nzito.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Bodi za ESP32, moja kwa kila sehemu ya kupimia, pamoja na moduli za LoRa. Kabla ya kununua, hakikisha kwamba masafa ya moduli hizo yanaruhusiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, kwa matumizi yasiyo ya leseni.
- Raspberry Pi moja, yaani kompyuta ndogo ya bodi moja, itakayokuwa kituo cha ukungu, yenye memori kadi nzuri, moduli yake ya LoRa, na betri ya akiba inayoweza kuibeba kwa saa kadhaa umeme unapokatika.
- Kompyuta mpakato ya ofisini yenye Python na OpenSSL, ambayo haitaachwa shambani.
- Waya wa USB unaopitisha data. Nyingi zinazouzwa mitaani ni za kuchajia tu, na nimeona mtu akipoteza asubuhi nzima akidhani bodi yake imekufa.
- Flash diski mbili za kuhifadhia nakala za funguo, na kabati lenye kufuli.
- Daftari la karatasi la kuandikia namba ya kila kifaa, nguzo kilipofungwa na tarehe. Funguo za siri usiziandike humo.

Ufahamu wa lugha ya C na Python wa kiwango cha mwanzo unatosha. Usiandike mwenyewe programu ya heshi, yaani alama fupi inayokokotolewa kutoka kwenye data, wala ya usimbaji fiche. Tumia maktaba ya mbedTLS iliyokuja na ESP32 na moduli ya `hmac` ya Python, kwa kuwa zimekwisha kukaguliwa na watu wengi.

Hatua ya 1: Kipe kila kifaa namba yake

Tumia namba ya baiti mbili, kuanzia 1. Iandike kwenye daftari, kisha ibandike ndani ya kasha la kifaa. Usiibandike nje, kwa kuwa jua la huku hufuta wino ndani ya msimu mmoja.

Hatua ya 2: Tengeneza ufunguo wa pekee kwa kila kifaa

Kwenye kompyuta mpakato, ikiwa haijaunganishwa na intaneti, andika amri hii mara moja kwa kila kifaa:

`openssl rand -hex 32`

Utapata herufi 64, ambazo ni maandishi ya baiti 32. Huo ndio ufunguo wa kifaa. Uhifadhi kwenye faili moja pamoja na namba ya kifaa, weka nakala kwenye flash diski zote mbili, na uzifungie.

*Tahadhari.* Usitumie ufunguo mmoja kwa vifaa vyote kwa kisingizio cha kurahisisha kazi. Katika shamba la kwanza nililolifunga nilifanya hivyo kwa vifaa tisa. Kifaa kimoja kiling'olewa usiku pamoja na kasha lake, na kuanzia saa hiyo sikuweza kuamini ujumbe wa kifaa chochote kati ya vile vinane vilivyobaki. Ilinichukua siku mbili kuzunguka nguzo moja baada ya nyingine, nikifungua makasha katikati ya vumbi na upepo wa Agosti, ili kubadilisha kitu ambacho kingenichukua dakika kumi mezani. Kila kifaa kikiwa na ufunguo wake, kuibiwa kwa kimoja kunamalizwa kwa kufuta mstari mmoja kwenye orodha ya kituo.

Ufunguo usiutume kwenye kundi la WhatsApp, wala usiuache ndani ya msimbo unaoupandisha GitHub, hata kama hazina yako ni ya faragha.

Hatua ya 3: Ingiza ufunguo ndani ya kifaa

Fanya hivi kwa waya wa USB, mezani. Hifadhi ufunguo kwenye sehemu ya NVS ya memori ya kudumu, ukiwa umeugeuza kutoka maandishi kuwa baiti 32 halisi. ESP32 ina uwezo wa kusimba memori yake ili anayeiba bodi asiweze kuisoma kwa kuunganisha waya, na ninashauri uutumie, lakini ujue kwamba uwezo huo huwashwa kwa kuchoma fyuzi za kielektroniki ndani ya chipu, ambazo zikishachomwa hazirudi. Fanya mazoezi kwa bodi moja ambayo uko tayari kuipoteza kabla ya kugusa nyingine.

Hatua ya 4: Tengeneza funguo za kituo

Hatua hii ndiyo ambayo mafundi wengi huiruka, nami naiona kuwa ndiyo iliyo muhimu kuliko zote. Mtu anapojifunza, huweka faili nzima ya funguo za vifaa ndani ya Raspberry Pi kwa sababu ni lazima kituo kijue siri za vifaa ili kivithibitishe. Lakini fikiria kituo hicho kiko wapi: kwenye kibanda cha pampu, nyuma ya mlango wa bati, mbali na nyumba ya mlinzi. Kisanduku kile kikibebwa, funguo zote za vifaa zimekwenda nacho, na wewe umerudi kwenye ile safari ya siku mbili.

Badala yake, kipe kituo namba ya toleo, kuanzia 1, kisha kwenye kompyuta mpakato ukokotoe kwa kila kifaa ufunguo mwingine unaotokana na ufunguo wa kifaa na toleo la kituo:

```
import hmac, hashlib

def heshi(ufunguo, *vipande):
    return hmac.new(ufunguo, b"".join(vipande), hashlib.sha256).digest()

def muhuri(ufunguo, *vipande):
    return heshi(ufunguo, *vipande)[:16]

ufunguo_wa_kituo = heshi(ufunguo_wa_kifaa, b"U", toleo)
```

Hapa `toleo` ni baiti moja. Kituo hupewa orodha ya funguo hizi tu, kamwe hakipewi funguo za vifaa zenyewe. Kifaa kwa upande wake, kwa kuwa kina ufunguo wake wa asili, kinaweza kukokotoa ufunguo wa toleo lolote kinapolihitaji. HMAC, yaani heshi inayochanganywa na ufunguo wa siri, hairudi nyuma: anayeushika ufunguo wa kituo wa toleo la 1 hawezi kuupata ufunguo wa kifaa, na kwa hiyo hawezi kuupata ufunguo wa toleo la 2. Faida yake utaiona kwenye Hatua ya 10.

Nakili orodha hiyo kwenye Raspberry Pi kwa flash diski, weka ruhusa za faili kwa `chmod 600`, kisha uifute kwenye flash diski uliyoitumia kubebea.

Hatua ya 5: Hakikisha pande zote mbili zinakokotoa heshi ileile

Kabla ya kurusha chochote hewani, jaribu kwa mfano unaojulikana. Tumia ufunguo wenye baiti 20, kila baiti ikiwa 0x0b, na maandishi `Hi There`, ambayo pamoja na nafasi ni baiti nane. HMAC-SHA-256 lazima itoe matokeo yanayoanza na `b0344c61` na kuishia na `2e32cff7`. Pande zote zikitoa hivyo, endelea. Upande mmoja ukitoa kitu kingine, usisogee hatua nyingine hata moja mpaka upate kosa, maana ukilikuta kosa hilo baadaye likiwa limechanganyika na matatizo ya redio, hutalitambua.

Hatua ya 6: Pata namba nasibu za kweli

Salamu yetu inategemea namba za mara moja, yaani baiti 16 za kubahatisha ambazo hazitatumika tena. Sababu ya kutumia namba hizi badala ya saa ni kwamba Raspberry Pi nyingi hazina betri ya saa. Umeme ukirudi wakati mtandao haupo, zinaamka zikiwa na tarehe ya zamani, na uthibitishaji unaotegemea saa unakataa kila mtu.

Kwenye kituo tumia `secrets.token_bytes(16)`. Kwenye ESP32 kuna mtego. Kipande chake cha namba nasibu hutoa namba za kuaminika Wi-Fi au Bluetooth ikiwa imewashwa, na sisi tunaotumia LoRa huwa tumezima vyote viwili ili kulinda betri. Katika hali hiyo ita `bootloader_random_enable()` kabla ya kuchukua namba, kisha `bootloader_random_disable()` mara baada ya kuzichukua. Usisahau hiyo ya pili, kwa sababu ile ya kwanza huitumia ADC, kipande cha chipu kinachogeuza volti kuwa namba, ambacho ndicho unachohitaji kusomea kihisi cha udongo.

Hatua ya 7: Jenga salamu ya jumbe tatu

Mpangilio ni kama wa mgeni anayepiga hodi, ila hapa mwenyeji naye hulazimika kuonyesha kwamba ndiye mwenye nyumba.

1. HODI, kutoka kifaa kwenda kituo: baiti 1 ya aina ya ujumbe, baiti 2 za namba ya kifaa, na baiti 16 za namba ya mara moja ya kifaa. Jumla ni baiti 19.

2. JIBU, kutoka kituo kwenda kifaa: aina, namba ya kifaa, baiti 1 ya toleo la kituo, baiti 16 za namba ya mara moja ya kituo, na muhuri wa baiti 16, yaani nusu ya kwanza ya heshi ya HMAC. Jumla ni baiti 36. Muhuri huo ni:

`muhuri(ufunguo_wa_kituo, b"J", namba, toleo, mara_kifaa, mara_kituo)`

3. THIBITISHO, kutoka kifaa kwenda kituo: aina, namba ya kifaa, na muhuri mwingine wa baiti 16. Jumla ni baiti 19. Muhuri wake ni:

`muhuri(ufunguo_wa_kituo, b"T", namba, toleo, mara_kituo, mara_kifaa)`

Kifaa kikipokea JIBU hutazama kwanza toleo. Likiwa dogo kuliko toleo kubwa kilichowahi kulithibitisha, hutupa ujumbe huo. Likiwa sawa au kubwa, hukokotoa ufunguo wa kituo wa toleo hilo na kukagua muhuri. Muhuri ukikubali, na hapo tu, ndipo huandika toleo jipya kwenye memori ya kudumu. Ukiliandika kabla ya kukagua, mtu yeyote atatuma toleo la 255 na kukifanya kifaa chako kikatae vituo vyako vyote milele.

*Tahadhari za hatua hii.* Herufi `J` na `T` mwanzoni mwa vipande si mapambo. Bila hizo, mtu anaweza kuchukua muhuri uliotengenezwa kwa kazi moja na kuuwasilisha kwa kazi nyingine. Kila kipande kiwe na urefu usiobadilika, la sivyo vipande viwili tofauti vinaweza kuunganishwa vikawa kitu kimoja. Muhuri usiufupishe chini ya baiti 16, ambazo ni nusu ya heshi yenyewe. Mwisho, unapolinganisha mihuri kwenye Python tumia `hmac.compare_digest`, usitumie alama mbili za usawa, kwa sababu ulinganisho wa kawaida husimama kwenye baiti ya kwanza isiyofanana na muda wake unaweza kumwambia mshambuliaji amefika wapi.

Hatua ya 8: Fungua kikao na utume vipimo

Baada ya salamu, kila upande hukokotoa funguo mbili za kikao kutoka kwenye ufunguo wa kituo na namba zote mbili za mara moja: mmoja kwa ujumbe unaopanda kwenda kituoni, wenye herufi `P`, na mwingine kwa ujumbe unaoshuka kwenda kwenye kifaa, wenye herufi `S`. Funguo hizi ziache na baiti zake zote 32.

Kila kipimo hubeba aina ya ujumbe, namba ya kifaa, namba ya mfululizo ya baiti 4 inayoanza na 1, kipimo chenyewe, na muhuri wa baiti 16 unaofunika vyote vilivyotangulia. Kituo hukubali namba ya mfululizo iliyo kubwa kuliko ya mwisho kilichoikubali, na hukataa iliyo sawa au ndogo. Hivyo mtu akinasa ujumbe wa jana usemao kwamba udongo umeloa, na kuurusha tena leo ili maji yasifunguliwe, utakataliwa. Kipimo kisipopata risiti, yaani jibu la kituo kwamba kimekipokea, kitume tena kwa namba mpya ya mfululizo. Namba iliyokwisha kutumika usiirudie.

Funguo za kikao na namba ya mfululizo zihifadhi kwenye memori ya RTC kwa `RTC_DATA_ATTR`. Memori hiyo hubaki hai kifaa kinapokuwa kwenye usingizi mzito, na hufutika betri inapokwisha. Mafundi huogopa kufutika huko na kuanza kuandika namba ya mfululizo kwenye memori ya kudumu kila dakika, mpaka sehemu hiyo ya memori inachoka. Hakuna haja. Kikao kikipotea, kifaa hupiga hodi upya, namba mpya za mara moja huzaa funguo mpya, na kuanza tena na 1 chini ya funguo mpya hakuna hatari yoyote. Hata kama hakuna tatizo, panga kikao kifunguliwe upya mara moja kwa siku.

Elewa kwamba muhuri hauufichi ujumbe. Unyevu wa udongo wa mizabibu si siri kubwa, lakini kama vifaa vyako vinabeba taarifa za watu, unahitaji usimbaji fiche pia. AES-CCM ipo kwenye mbedTLS, na ESP32 ina kipande maalumu cha kuharakisha AES. Ascon nayo, ambayo taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliichagua mwaka 2023 kwa ajili ya vifaa vidogo, inafaa kwa bodi zilizo dhaifu kuliko hizi.

Hatua ya 9: Linda vali kuliko unavyolinda vipimo

Kipimo cha uongo kinapotosha, lakini amri ya uongo inamwaga maji, na katika mkoa wenye msimu mmoja wa mvua maji ya kisima hayana mbadala. Amri ya vali isafiri ndani ya risiti ambayo kituo hukitumia kifaa baada ya kipimo, ikiwa na muhuri wa ufunguo wa kushuka na namba yake ya mfululizo. Kifaa kisikilize kwa sekunde mbili baada ya kutuma, kisha kilale.

Zaidi ya hayo, amri ya kufungua ibebe muda wake, kwa mfano dakika 20, na kifaa kiifunge vali chenyewe muda huo ukiisha hata kama hakijasikia neno lolote kutoka kituoni. Usitegemee amri ya pili ya kufunga, kwa sababu anayeweza kuvuruga mawimbi ya redio hahitaji kujua ufunguo wowote ili kuizuia isifike.

Kutoka kituoni kwenda wingu tumia TLS ya kawaida, kwa mfano MQTT, itifaki ya kutuma ujumbe mfupi, kwenye mlango 8883, na utume muhtasari kila saa ili kuokoa bando. Mtandao ukikosekana, kituo kihifadhi na kutuma baadaye.

Hatua ya 10: Jiandae kwa siku kituo kitakapoibiwa

Fanya zoezi hili mara moja kabla ya kukabidhi kazi kwa mwenye shamba. Chukua memori kadi mpya, kokotoa kwenye kompyuta mpakato funguo za kituo za toleo la 2, na uwashe kituo kipya kwenye meza. Kila kifaa kinachopiga hodi kitaona toleo kubwa zaidi, kitakokotoa ufunguo wake, kitakagua muhuri na kulikubali. Kisha washa tena kituo cha toleo la 1: kinapaswa kukataliwa na kila kifaa kilichokwisha kusikia la 2. Hujagusa nguzo hata moja.

Kifaa ambacho bado hakijasikia toleo jipya kinaweza kudanganywa na kituo kilichoibiwa, kwa hiyo kituo kipya kiwashwe siku ileile ya wizi, na ukague kwenye kumbukumbu zake kwamba kila namba iliyo kwenye daftari imekwisha kupiga hodi.

Matatizo yanayojitokeza mara kwa mara

*Mihuri haikubaliani hata mara moja.* Karibu kila mara sababu ni moja kati ya mbili. Ama upande mmoja unatumia ufunguo ukiwa maandishi ya herufi 64 badala ya baiti 32, au mpangilio wa baiti za namba umetofautiana, kwa kuwa ESP32 huhifadhi baiti ndogo mbele, wakati msimbo wako wa Python umeandika baiti kubwa mbele. Chapisha pande zote mbili vipande vyote kwa hesabu ya kumi na sita, kisha vilinganishe baiti kwa baiti. Katika majaribio haya tumia ufunguo wa mazoezi, usichapishe ule halisi.

*Umeme ukirudi, vifaa vyote vinashindwa kwa pamoja.* Kituo kimepoteza vikao vyake, vifaa vimekosa risiti, na vyote vinapiga hodi kwa wakati mmoja hadi ujumbe unagongana hewani. Weka sharti kwamba kifaa kipige hodi upya baada ya kukosa risiti tatu mfululizo, kisubiri kwanza muda wa kubahatisha kati ya sekunde 1 na 60, na kila kikishindwa kiongeze muda huo maradufu hadi nusu saa. Usikiruhusu kituo kitume ujumbe usio na muhuri wa kuviambia vifaa vianze upya, maana mtu mwingine ataurusha usiku kucha na kumaliza betri zako.

*Kituo kinajaa HODI zisizo na mwisho.* Kila kifaa kiruhusiwe salamu moja tu inayosubiri. HODI mpya ifute ya zamani, na isiyokamilika itupwe baada ya sekunde 10. Namba isiyo kwenye orodha isijibiwe kabisa.

*Kifaa kimoja kinakataliwa, vingine viko sawa.* Angalia daftari kabla ya kufungua msimbo. Mara nyingi bodi mbili zimebadilishana makasha siku ya kufunga, na kila moja inajitambulisha vizuri kwa namba yake, ila vipimo vinaonekana kwenye nguzo isiyo yake na fundi akaifuta namba sahihi akidhani ni ya kifaa kibovu.

*Kifaa kinapiga hodi mara nyingi kwa siku, hasa asubuhi.* Hili si tatizo la uthibitishaji ingawa ndilo linaloonekana hivyo kwenye kumbukumbu. Volti ya betri inashuka redio inapoanza kurusha, bodi inazima na kuwaka, memori ya RTC inaanza upya na kikao kinapotea. Pima volti wakati wa kurusha, si wakati kifaa kimelala. Ongeza kapasita karibu na nyaya za umeme za bodi, na uitazame paneli: kuanzia Juni hadi Novemba vumbi jekundu huifunika kiasi kwamba ukipitisha kidole kinaacha mstari. Ifute kwa kitambaa kilicholoweshwa, mapema kabla jua halijawa kali, kisha uhesabu HODI za kifaa hicho kwa siku tatu zinazofuata. Zikirudi kuwa moja kwa siku, msimbo wako usiuguse.